Wafu wa makambi: magonjwa ya kuambukiza mu Élisabethville, 1910 mpaka 1930

Kila mtu mwenye kuishi Lubumbashi anajua kilio kinavyokwenda. Mtu akifa, jioni ile ile moto unawashwa ndani ya lupango. Wanaume wanaketi nje juu ya viti vya kukopa kwa jirani, wamama wanalala ndani juu ya mikeka, na karibu na mlango kuna meza ndogo, daftari, na mtu mmoja mwenye kuandika nani ameleta nini. Mara nyingi huyo mwandishi si ndugu wa damu. Ni mtu wa kazi moja, wa kanisa moja, ao wa jimbo moja na marehemu. Vijana wanatuuliza desturi hii imetoka mukini gani: kwa Baluba, kwa Babemba, kwa Basanga? Sisi tunaona kwamba haikutoka mukini hata moja jinsi ilivyo leo. Ilitengenezwa hapa hapa, na watu wenye walikuwa wanakufa mbali na kwao.

Ndiyo sababu tumeonelea kurudi katika miaka ya kwanza ya muji, hata kama ni miaka ya huzuni. Historia ya Lubumbashi inapenda kusimuliwa kwa shaba, kwa reli na kwa nyumba za matofali. Inasahau upesi kwamba kwa muda wa karibu miaka ishirini makambi ya wafanyakazi yalikuwa mahali pa kufia vijana, tena si kwa mawe ya mgodi tu. Waliouawa na magonjwa ya kuambukiza walikuwa wengi kabisa kupita waliouawa na mgodi.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Sakania 1909, ikafika hapa 1910, na mwaka ule Émile Wangermée akaanzisha muji uliopewa jina la malkia Élisabeth wa Ubelgiji. Katikati ya 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza, ya mawe yaliyochimbwa Étoile, pale wazee wanapaita Kalukuluku. Kwa kazi hiyo yote watu walihitajika, na wenyeji wa pembeni hawakutosha, tena hawakupenda. Basi mwaka wa 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga kwa kutafuta watu mukini, na kampani ya Robert Williams ikawa inaleta wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo.

Walioletwa walikuwa vijana wanaume, karibu wote bila bibi wala watoto. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, baadaye wa mwaka. Wengi walitoka inchi za chini zenye joto, kando ya Lualaba, Lomami na Luapula. Walitembea siku nyingi kwa miguu, wakala vibaya njiani, wakafika juu ya uwanda wenye urefu wa metre 1,200 hivi. Mwenye amelala Lubumbashi mwezi wa sita ao wa saba anajua mupepo wa usiku ulivyo. Sasa fikiri mtu mwenye blanketi moja, ndani ya nyumba ya majani na udongo, amechoka na safari, amelala amebanana na wenzake ambao hawajui, kila mmoja amepumua hewa ya mwengine mpaka asubuhi.

Pale ndipo nimonia ilipopata nafasi. Mdudu wa nimonia anaweza kukaa kooni mwa mtu mzima bila kumfanya kitu. Watu wa mukini ndogo walikuwa wamezoea wadudu wachache wa kwao. Mu kambi walikutana na wadudu wa kila inchi kwa siku moja. Juu ya hiyo waganga waliona jambo moja ambalo lilirudia kila mwaka: wenye kufa walikuwa hasa wageni, wale wa miezi ya kwanza. Mtu akivuka miezi hiyo, alikuwa na bahati ya kumaliza mkataba. Lakini mkataba mfupi ulimaanisha wageni kila siku, kwa hiyo kambi ilikuwa kila mara na watu wapya wa kufa. Kampani ilipenda mikataba mifupi kwa sababu watu walikataa mirefu. Na mikataba mifupi ndiyo iliyoendelea kuua.

Jambo hili lilikuwa limejulikana mahali pengine mbele ya Katanga kujengwa. Kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, watu kutoka inchi za joto walikufa kwa nimonia hivi kwamba mwaka wa 1913 serikali ya Afrika ya Kusini ilikataza kuajiri watu wa kaskazini ya digrii 22 kusini mwa Ekweta. Élisabethville yenyewe iko kwenye digrii karibu 12. Ni kusema, kama sheria ile ingefuatwa hapa, hakuna mtu hata mmoja wa Katanga angepaswa kuajiriwa. Daktari William Gorgas, Mmarekani mwenye alisafisha Panama, alialikwa Johannesburg akashauri watu wapewe nafasi kubwa zaidi ya kulala. Waganga wa Katanga walijua habari hizo, kwa kuwa reli ilileta si mashini tu, ilileta pia magazeti na vitabu. Hatusemi kwamba hawakufanya kitu. Daktari Pearson wa Union Minière na daktari Mouchet walitoa pamoja mwaka wa 1923 kitabu kizima, kilichochapwa London, juu ya usafi wa makambi ya wafanyakazi. Ukikitazama leo, unaona watu wenye akili na bidii. Unaona pia kwamba mfanyakazi anahesabiwa pale kama mali inayotakiwa isiharibike.

Nyuma ya nimonia kulikuja kuhara damu na homa ya matumbo. Hizi zinapita njia ya maji, ya inzi na ya mikono. Muji ulikua mbio kuliko visima na vyoo vyake. Chakula nacho kilikuwa shida: posho ya unga wa mahindi, mara nyingi uliotoka Rhodesia kwa gari la moshi, ukiwa umekaa sana, na mboga kidogo. Mtu mwenye alizoea muhogo, samaki na majani ya shamba, akipewa unga huo kila siku bila bibi wa kumpikia, tumbo lake linalegea, na tumbo lililolegea halishindani na kuhara. Tuongeze ndui, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ulikuwa zaidi kando ya mito kuliko katika muji, lakini ndiyo uliowatia Wazungu woga sana. Ujumbe wa waganga chini ya Rodhain ulizunguka Katanga kati ya 1910 na 1912 kwa kuuchunguza.

Hapa tusimame kidogo kwenye hesabu, kwa maana vijana wetu wa université wanapenda namba na wanaziamini upesi. Vifo vya makambi viliandikwa «kwa elfu»: watu wangapi walikufa kwa mwaka katika kila wafanyakazi 1,000. Tuseme kwa mfano kambi ina nafasi 1,000 na mkataba ni wa miezi sita. Kwa mwaka, watu 2,000 watapita pale. Kama 60 wamekufa, mmoja ataandika 60 kwa elfu, akigawa kwa nafasi. Mwengine ataandika 30 kwa elfu, akigawa kwa watu wote waliopita. Wafu ni wale wale. Tena kuna wenye hawamo katika hesabu yoyote: wale walioandikwa «hawafai kwa kazi» na kurudishwa kwao wakikohoa, wakafia njiani ao kwa mama yao, wale waliotoroka wakiwa wagonjwa, wale waliokufa wakitembea kuja, mbele ya jina lao kuingia kitabuni. Na ugonjwa waliourudisha mukini, nani aliuhesabu? Kampani ilihesabu wafanyakazi. Haikuwa na kazi ya kuhesabu vijiji. Kwa hiyo mtu akikuta ripoti ya zamani yenye kusema vifo vimeshuka, ni lazima aulize kwanza: vimeshuka kwa kuwa watu wamepona, ao kwa kuwa wamekwenda kufia mahali pengine?

Nje ya makambi kulikuwa na sité. Ile ya kwanza ilikuwa karibu na muji wa Wazungu, karibu mno kwa namna Wazungu walivyofikiri. Katika miaka ya kwanza ya 1920 watu walihamishwa mbali zaidi, wakajengewa sité Albert, njo Kamalondo yetu. Katikati wakaacha inchi tupu, «zone neutre», yenye upana wa zaidi ya metre 500. Maelezo yalikuwa ya kiganga: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka mbali hivyo baada ya kumuuma Mwafrika. Lakini boyi, mpishi na yaya walivuka inchi hiyo kila asubuhi, wakalala wengine ndani ya lupango la bwana. Inaonekana mbu wa wafanyakazi wa nyumba hawakuwa na hatari. Malaria haikuwa ndiyo iliyokuwa inajaza makaburi ya watu weusi. Nimonia na kuhara hazikuhitaji inchi tupu, zilihitaji nyumba kavu, maji safi na nafasi ya kulala. Fedha na akili viliwekwa kwanza kwenye ugonjwa wenye Wazungu waliogopa kwa ajili yao wenyewe. Hivi njo tunavyoona, na mwenye kutembea leo kutoka Kamalondo kwenda katikati ya muji bado anapita pale palipokuwa mpaka.

Kisha likaja lile la 1918. Homa kubwa, iliyoitwa grippe espagnole, iliingia Cape Town mwezi wa tisa kwa meli zilizorudisha wafanyakazi weusi wa jeshi kutoka vita ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimesimama Freetown. Kwa majuma machache watu kama 300,000 walikufa katika Afrika ya Kusini. Kutoka pale homa ilipanda gari la moshi: Kimberley, Bulawayo, daraja la Victoria, Broken Hill, Sakania, Élisabethville. Njia ile ile iliyoleta unga, mashini na watu. Na mwaka ule ule wa 1918 reli ilikuwa imefika Bukama, penye meli za Lualaba zinaanzia; basi mlango wa kaskazini ulikuwa wazi.

Homa nyingine zinachukua watoto na wazee. Ile ilichukua zaidi watu wa miaka ishirini mpaka arobaini. Na makambi yalikuwa na nani? Watu wa umri huo tu. Mtu aliamka na kichwa, jioni uso umegeuka rangi ya majivu, siku ya pili ao ya tatu amekwisha. Wenye kuzika walikuwa wagonjwa wao pia. Watu walikimbia kurudi kwao, na kwa kukimbia wakaipeleka mbali. Katika wakati huo huo Ulaya ilipiga kengele kwa kuwa vita imekwisha. Dunia nzima ilipoteza, kwa hesabu zinazokubaliwa leo, watu kama milioni 50.

Sasa tuje kwenye desturi, maana hicho ndicho kitabu hiki kinachotafuta. Katika mukini za kusini ya Katanga, kwa Babemba, Balamba, Baushi na jirani zao, maziko si kazi ya ndugu wa marehemu peke yao. Kuna banungwe, watu wa ukoo mwengine wenye utani na ukoo wake. Wao ndio wanaoshika mwili, wanachimba, tena wanachekesha waliofiwa na kuwatukana kwa mchezo ili machozi yapate mwisho. Baada ya siku kunakuja kupyana: mtu wa ukoo anaingia katika jina la marehemu, anachukua nafasi yake, na mjane anafunguliwa. Baluba pia wana neno hilo na jambo hilo, hata kama namna ya kulifanya si moja.

Mtu akifia kambini, hayo yote yalikatika. Nani munungwe wake kati ya watu wa lugha kumi? Nani ataoga mwili wenye umefungwa ndani ya blanketi kwa amri ya munganga, ukapelekwa mbio kwa kuogopa ambukizo? Na kwao, habari ilifika namna gani? Kijana alipoandikishwa, jina lake liliandikwa na karani kwa namna karani alivyosikia. Wengine walitoa jina lisilo lao, hasa wale waliokuwa wametoroka mkataba wa kwanza. Jina hilo la kitabu njo lilikufa. Lile la kwao lilibaki likingoja. Bibi yake hakuwa mjane na hakuwa na bwana. Wazee hawakuweza kupyanisha mtu ambaye kifo chake hakikujulikana. Tukisema magonjwa ya makambi yaliharibu vijiji, tusifikiri tu mikono iliyokosekana mashambani. Kulikuwa na majina yaliyobaki hewani miaka na miaka, na watu wenye waliishi wamefungwa na majina hayo.

Ndani ya hali hiyo wafanyakazi walijitengenezea dawa yao. Watu wa inchi moja, hata kama kwao hawakujuana, wakawa «ndugu wa kwetu». Mmoja akiugua, wenzake walimletea maji na uji. Akifa, walichanga franka, wakanunua kitambaa, wakakesha usiku, wakaweka mtu wa kushika habari mpaka mkataba wake uishe, aipeleke kwa mama wa marehemu pamoja na vitu vilivyobaki. Katika mkutano wa namna hiyo watu wa makabila waliojuana kuwa maadui walianza utani mpya, wa muji, na watani wakashika kazi ya banungwe. Nyuma ya vita ya kwanza ikafika pia mbeni, ngoma yenye ilizaliwa pwani ya Kenya na kutembea na askari na wapagazi, yenye wafalme wake, magavana wake na mavazi ya kizungu. Wakubwa wa Leta waliiangalia kwa wasiwasi, wakiona mchezo wa kuiga ao siasa ya kujificha. Hawakuona upesi kwamba vyama hivyo vilikuwa pia vinasaidia wagonjwa na kuzika wafu. Kabla ya kuwa vyama vya makabila vyenye kugombea viti miaka ya 1950, vilikuwa vyama vya kuzikana. Daftari la mchango lenye liko mezani kwenye kilio cha leo, sisi tunaliona kuwa mjukuu wa daftari hizo.

Kulikuwa na jibu lingine, la woga. Watu waliona mwenzao anachukuliwa hopitali akitembea, kisha hakurudi, na mwili haukuonyeshwa. Haishangazi kwamba habari za batumbula, watu wa usiku wenye kukamata Weusi kwa ajili ya Wazungu, zilipata masikio mengi katika muji huu, zaidi sana wakati wa vita ya pili. Wasomi wetu walizicheka. Tukizipima na hesabu tuliyoona juu, zilikuwa zikisema kwa lugha yao jambo moja la kweli: kwamba muji ulikuwa unakula watu.

Vifo vilishuka kwa kweli katika miaka ya 1920, na zaidi mwisho wake. Nyumba za matofali zilichukua nafasi ya zile za majani, posho ikaongezwa nyama, maharagwe na mafuta, wageni wakapumzishwa na kuchanjwa mbele ya kuanza kazi. Kisha, karibu na 1928, Union Minière iliamua kuacha wageni wa miezi michache na kuweka watu wa miaka mitatu, pamoja na bibi na watoto. Daktari Mottoulle ndiye aliyeshika sana siasa hiyo. Mtu anaweza kuisifu ao kuilaumu kwa mambo mengi, maana kampani iliingia mpaka jikoni na kitandani mwa mfanyakazi. Profesa Dibwe dia Mwembu ameeleza vizuri watoto wa kampani walivyokuwa na walivyoachwa baadaye. Lakini kwa upande wa vifo hesabu ni nyepesi: wageni wachache, wafu wachache. Mbele ya siasa hiyo kukomaa bado wengine walilipa. Watu walioletwa kutoka Rwanda na Burundi katika nusu ya pili ya 1920, wenye walizoea milima, maharagwe na maziwa, walipigwa na kuhara na homa ya matumbo sawa na Baluba miaka kumi na tano mbele yao.

Mwezi wa tatu wa 2020, kwa ajili ya Covid, Serikali ilikataza mikutano ya kupita watu 20, ikakataza kilio ndani ya nyumba na masalle, na kuamuru mwili utoke morgue uende moja kwa moja makaburini. Kwa upande wa ugonjwa amri ilikuwa na maana yake. Lakini tulisikia wamama wakisema neno ambalo babu zao wa kambini wangelielewa bila kueleza: «Bamemuzika sawa mutu asiye na kwabo.»

Wandugu wasomaji, katika familia nyingi za hapa kuna babu ao ndugu wa babu mwenye alikwenda Katanga na hakurudi, ao alifika akafia hapa mbele ya 1930. Chama chetu kimefungua daftari. Tunaomba mutuletee jina lake la kwao, jina lake la kazi kama linajulikana, mukini alipotoka, ugonjwa wenye familia inataja, na kama kuna mtu amekwisha kumpyana. Wenye hawawezi kuandika watume mjukuu. Kwa wenye kuwa na wazee wa kupita miaka themanini nyumbani, tunaomba mufanye hivyo mbele ya mvua ya mwaka huu kuanza.